Timu 68 au 76: je, bingwa wa ligi ndogo atafaidika?

"Kocha, salaam. Mwanangu yuko mwaka wa tatu katika chuo kidogo nchini Marekani. Anacheza mpira wa kikapu kwa ufadhili wa masomo, akiwa na viza ya mwanafunzi. Ligi yao hupeleka timu moja tu kwenye mashindano ya taifa ya Machi, na mara ya mwisho walitolewa nusu fainali ya ligi. Nasikia wakubwa wanataka kuongeza timu kutoka 68 hadi 72 au 76. Kijana anasema hiyo ni neema kwa vyuo kama chake, lakini rafiki yake anamshauri ahamie chuo kikubwa mapema kabla nafasi hazijajaa. Baba yake anasema timu zikiongezwa mashindano yatakosa ladha. Mimi hukesha hapa Dar es Salaam nikiitazama fainali saa kumi alfajiri, na nataka tu kuelewa: jambo hili ni jema au baya, na mwanangu afanye nini?"

Mama, nakushukuru kwa swali lililonyooka. Nikilisoma kwa makini naona kwamba kinachokusumbua hasa si idadi ya timu. Unataka kujua kama mlango unaofunguliwa ni wa mwanao au wa watu wengine, na unahofia kijana asije akahama chuo kwa sababu ya jambo ambalo halimhusu. Hofu hiyo ina msingi. Nitaanza na mlango wenyewe, maana wengi wanaujadili bila kuukagua.

Watu hudhani kwamba kuongeza timu nane ni kama kuongeza viti vinane mezani, kila aliyekuwapo akabaki alipo. Mtoano haufanyi kazi hivyo. Mtoano husimama juu ya namba zinazogawanyika kwa mbili mpaka abaki mmoja: 64, 32, 16, 8, 4, 2. Kwa hiyo kila timu inayoongezwa juu ya 64 huzaa mechi moja ya awali, na mechi hiyo huhitaji timu mbili. Leo, timu zikiwa 68, kuna mechi nne za awali zinazochezwa Jumanne na Jumatano mjini Dayton, Ohio, na timu nane ndizo huzicheza. Timu zikiwa 72, mechi za awali zitakuwa nane na timu zitakazozicheza zitakuwa 16. Zikiwa 76, mechi zitakuwa 12 na timu 24. Yaani pendekezo la 76 linaingiza timu nane mpya, lakini papo hapo linaziteremsha timu nyingine nane ambazo kwa utaratibu wa leo zingeanza moja kwa moja kwenye hatua ya 64. Nakuomba uishike hesabu hiyo, kwa sababu swali zima la haki limo ndani yake: nani anaingia, na nani anateremshwa?

Timu huingia kwa njia mbili. Mwaka 2025 ligi 31 zilipata tiketi moja moja, kila moja ikimpeleka bingwa wake, na tiketi 37 zilizobaki ziligawiwa na kamati ya uteuzi yenye watu 12. Kupanua mashindano hakuzai ligi mpya. Kwa hiyo tiketi zote zitakazoongezwa zitakuwa za uteuzi, na mwenendo wa kamati unajulikana. Katika zile tiketi 37 za mwaka 2025, 33 zilikwenda kwa ligi tano kubwa, yaani SEC, Big Ten, Big 12, Big East na ACC. Ligi moja tu, SEC, ilipeleka timu 14 kati ya timu zake 16, rekodi ambayo haijapata kuonekana. Ligi nyingine zote 26 kwa pamoja ziligawana tiketi nne za uteuzi.

Si kwamba wajumbe wa kamati wanavichukia vyuo vidogo. Tatizo liko kwenye mizani wanayoitumia, na hapa nitakwenda polepole, kwa sababu ndipo kijana wako anapopotea. Tangu msimu wa 2018-19 kamati hutumia kipimo kiitwacho NET, ambacho huzipanga timu zote za Daraja la Kwanza, sasa zaidi ya 360, na kisha kila mechi hutiwa kwenye moja ya makundi manne kulingana na ubora wa mpinzani na mahali ilipochezwa. Kundi la kwanza ni la mechi za nyumbani dhidi ya timu zilizo ndani ya 30 bora, za uwanja usio wa mwenyeji dhidi ya 50 bora, na za ugenini dhidi ya 75 bora. Timu iliyo ndani ya ligi kubwa hupata mechi za namna hiyo kwa kufuata ratiba yake tu, wiki hadi wiki, kuanzia Januari hadi Machi. Inaweza kufungwa nyingi na bado ikawa na nyingine mbele yake. Timu ya chuo kidogo inategemea mialiko ya Novemba na Desemba, mara nyingi ugenini kwa malipo, na vyuo vikubwa havina sababu ya kwenda kucheza kwenye ukumbi mdogo ambako kushinda hakuwaongezei kitu na kufungwa kunawaharibia hesabu. Mwaka 2025 North Carolina ilipata tiketi ya uteuzi ikiwa imeshinda mechi moja tu kati ya 13 za kundi la kwanza. Chuo cha mwanao hakiwezi hata kuzipata mechi 13 za namna hiyo, seuze kuzipoteza.

Tunaweza pia kuona nani angeingia. Kila mwaka kamati hutaja timu nne za kwanza zilizokosa. Mwaka 2023 zilikuwa Oklahoma State, Rutgers, North Carolina na Clemson. Mwaka 2024 zilikuwa Oklahoma, Seton Hall, Indiana State na Pittsburgh. Mwaka 2025 zilikuwa West Virginia, Indiana, Ohio State na Boise State. Laiti timu zingekuwa 72 katika miaka hiyo mitatu, hao 12 ndio wangeingia, na 10 kati yao wanatoka katika ligi kubwa. Wawili tu, Indiana State na Boise State, ndio wa nje ya kundi hilo.

Sitakuficha kwamba hao wawili wana uzito wake. Indiana State ya 2024 ilikuwa imeshinda mechi 28 na kupoteza sita, ikafungwa na Drake kwenye fainali ya ligi yake, ikaachwa. Niliumia kwa ajili ya vijana wale, na kama kuna hoja moja ya upanuzi inayonigusa, ni hiyo. Lakini ukitaka kuikomboa timu moja kama Indiana State, kwa mwenendo wa miaka hiyo mitatu utakuwa umelipa kwa kuingiza timu tano za katikati ya msimamo wa ligi kubwa. Bei hiyo naiona kubwa.

Sasa hofu ya baba. Mwambie, kwa heshima, kwamba historia haimwungi mkono moja kwa moja. Mashindano haya yalianza mwaka 1939 na timu nane tu, Oregon ikaifunga Ohio State 46-33 katika fainali. Mwaka 1951 timu zikawa 16. Kwa miaka mingi ligi iliruhusiwa kupeleka timu moja peke yake, na ubaya wa kanuni hiyo ulionekana wazi mwaka 1974, pale Maryland, mojawapo ya timu bora nchini, ilipofungwa 103-100 na North Carolina State katika muda wa nyongeza wa fainali ya ACC na ikabaki nyumbani. North Carolina State ikaenda kutwaa ubingwa wa taifa. Mwaka uliofuata timu zikawa 32 na ligi zikaruhusiwa kupeleka zaidi ya moja. Upanuzi ule ulikuwa wa haki, na sidhani kama yupo anayeujutia leo. Mwaka 1985 timu zikafika 64, na mwaka huohuo Villanova, iliyopangwa namba 8 kwa ubora kati ya timu 16 za kanda yake, ikaifunga Georgetown 66-64 na kuwa bingwa. Mpaka sasa hakuna timu ya namba ya chini zaidi iliyowahi kutwaa kombe.

Baadaye zikawa 65 mwaka 2001 na 68 mwaka 2011. Nakumbuka lawama za 2011: wachambuzi walisema VCU hawakustahili kuwamo. VCU walianzia Dayton na wakafika nusu fainali ya taifa. UCLA nao wakaanzia mechi za awali mwaka 2021 na wakafika hatua hiyohiyo. Kwa hiyo si kweli kwamba timu ya mwisho kuingia ni ya kujaza nafasi tu. Wanaotaka upanuzi wana hoja nyingine pia: mwaka 1985 Daraja la Kwanza lilikuwa na timu pungufu ya 300, hivyo 64 ilikuwa zaidi ya timu moja kati ya kila tano, ilhali 68 ya leo iko chini ya kiwango hicho, na 76 ingeirudisha. Hesabu hiyo ni sahihi. Kasoro yake ni kwamba walioongezeka tangu 1985 ni vyuo vidogo vilivyopanda daraja, na tiketi zinazoombwa kwa jina lao hazitawafikia wao.

Ladha ya mashindano haya, kwa maoni yangu, haitoki kwenye idadi. Inatoka kwa bingwa mdogo anayesimama mbele ya mkubwa akiwa na dakika 40 tu za kujieleza. Sisi wa ukanda huu tumeuona upande wa pili wa jambo hilo. Mwaka 2022 Oscar Tshiebwe, kijana wa Lubumbashi aliyekuwa mchezaji bora wa vyuo mwaka ule, aliifungia Kentucky pointi 30 na kuchukua ribaundi 16, na bado wakatolewa 85-79 na Saint Peter's, chuo kidogo cha New Jersey kilichopangwa namba 15. Na Hasheem Thabeet wetu wa Dar es Salaam, mwaka 2008, yeye na timu yake ya Connecticut walitolewa na San Diego, bingwa wa ligi ndogo, katika mechi ya kwanza kabisa, kwa tofauti ya pointi moja katika muda wa nyongeza.

Hapa ndipo penye jeraha la upanuzi unaopendekezwa. Leo, mechi mbili kati ya nne za Dayton huchezwa na mabingwa wa ligi dhaifu zaidi, na mbili na timu za mwisho za uteuzi. Mgawanyo huo wa nusu kwa nusu ukiendelea kwenye timu 76, mabingwa 12 kati ya 31 watateremshwa kwenye mechi za awali. Fikiria kijana aliyeshinda ubingwa wa ligi yake Jumamosi usiku, akapangwa Jumapili jioni, akapanda ndege Jumatatu na kucheza Jumanne dhidi ya bingwa mwingine kama yeye, huku timu ya nafasi ya kumi ya ligi kubwa ikipumzika ikisubiri hatua ya 64. Bingwa amefanya alichotakiwa kufanya. Kumwambia athibitishe tena, ili pawepo nafasi kwa aliyefungwa nusu ya mechi za ligi yake, hakunikai moyoni.

Yupo atakayekujibu kwamba mechi ya awali si adhabu, na kwa haki inabidi nimpe nafasi. Mechi za Dayton ni sehemu kamili ya mashindano, na zina fedha. Kila mechi ambayo timu inacheza, isipokuwa fainali, huipatia ligi yake fungu linalolipwa kwa miaka sita, kwa jumla takribani dola milioni 2. Kwa ligi ndogo, kushinda mechi ya Dayton dhidi ya mpinzani wa kiwango chake ni njia nyepesi ya kupata fungu la pili kuliko kuitoa timu iliyopangwa namba 1, jambo ambalo kwa wanaume limetokea mara mbili tu: UMBC dhidi ya Virginia mwaka 2018 na Fairleigh Dickinson dhidi ya Purdue mwaka 2023. Tena Fairleigh Dickinson walikuwa wametokea Dayton. Nimezisikia hoja hizo kutoka kwa makocha wa ligi ndogo wenyewe na siwapuuzi. Ila zinahitaji jambo moja liwe kweli, nalo ni kwamba mfuko utakua. Mkataba wa televisheni wa CBS na Turner uliongezwa mwaka 2016 kwa dola bilioni 8.8 na unakwenda hadi 2032. Mechi za ziada za Jumanne na Jumatano hazileti fedha mpya kwa kuwepo kwake tu. Lazima zijadiliwe na wanunuzi, na zitoe kwanza gharama za ndege na hoteli za timu zote hizo. Mfuko ukibaki uleule na mafungu yakaongezeka, kila fungu litapungua, na anayeishi kwa fungu moja ndiye ataumia zaidi.

Kuna dhana nyingine ndogo ya kusahihisha: rafiki wa mwanao anazungumza kana kwamba jambo limekwisha. Agosti 2025 ilitangazwa kwamba mashindano ya 2026, ya wanaume na ya wanawake, yatabaki na timu 68, na mjadala wa 2027 na kuendelea ukaachwa wazi. Wala 76 si kilele cha tamaa. Mwaka 2010 ilizungumzwa 96, na Januari 2023 kamati ya mageuzi ya Daraja la Kwanza ilipendekeza michezo mikubwa iruhusiwe kufikisha robo ya timu zote, ambayo kwa mpira wa kikapu ni kama 90.

Mimi ningebaki na 68. Kama wakubwa wameazimia kupanua, ningekubali 72 kwa sharti moja ambalo lisiwe na mlango wa nyuma: mechi zote nane za awali zichezwe na timu 16 za uteuzi, na kila bingwa wa ligi, hata wa ligi dhaifu kuliko zote, aanzie kwenye hatua ya 64. Kwa utaratibu huo Indiana State inapata nafasi yake, waliosuasua katika ligi kubwa wanapata ya kwao lakini wanaifanyia kazi, na bingwa anaheshimiwa. Bila sharti hilo, mama, upanuzi huu si neema kwa chuo cha mwanao. Njia yake itabaki ileile aliyonayo leo, kushinda mashindano ya ligi mwezi Machi, na mwisho wa njia hiyo utakuwa umewekewa ngazi moja zaidi.

Kuhusu kuhama: asihame kwa sababu ya tiketi. Chuo kikubwa hakimhakikishii Machi. Msimu wa kwanza wa Thabeet, 2006-07, Connecticut ilishinda 17 na kupoteza 14 na haikuchaguliwa, na North Carolina ya 2023 ilianza msimu ikiwa namba 1 nchini na ikamaliza nje. Tena vyuo vilivyojiunga na utaratibu mpya wa kuwalipa wachezaji vina ukomo wa wachezaji 15 kwenye kikosi, kwa hiyo anayehamia bila kuhakikishiwa dakika za kucheza anaweza kukaa benchi mwaka mzima akiwatazama wenzake. Aliye mwaka wa tatu ana jambo zito zaidi la kupima, nalo ni shahada. Niliwahi kuwa na mchezaji aliyehama akiwa amebakiza mihula miwili, chuo kipya kikakataa kuzitambua karibu nusu ya kozi zake, na mpira ulipokwisha alikuwa bado hajahitimu. Kama mwanao anacheza dakika nyingi, anafundishwa vizuri na masomo yanakwenda, hizo ni sababu za kubaki. Kama kocha wake anaondoka, au hachezi, au ufadhili wake unapunguzwa, hizo ni sababu za kweli za kufikiria kuhama, na timu ziwe 68 au 76 hazibadiliki.

Yapo mambo ambayo mimi siwezi kuyaamua kwa maandishi, na hapo inabidi akae ana kwa ana na wahusika kabla ya kuweka jina lake kwenye orodha ya wanaohama. Kwanza aende ofisi ya chuo chake inayosimamia kanuni za michezo, aulize miaka ya kucheza iliyobaki na kitakachotokea kwa ufadhili wake siku atakapotangaza nia. Kisha mshauri wa masomo, akiwa na orodha ya kozi mkononi. La viza ndilo lisilovumilia kubahatisha. Mwanafunzi wa kigeni lazima rekodi yake ya uhamiaji ihamishwe kutoka chuo hadi chuo kwa wakati wake, na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ndiyo inayofanya hivyo. Tangu mwaka wa masomo 2025-26 vyuo vinaweza kugawana fedha na wachezaji wao, hadi dola milioni 20.5 kila kimoja kwa mwaka huo wa kwanza, na kwa hiyo huenda akatokea mtu wa kumwahidi fedha. Viza ya mwanafunzi ina mipaka mikali kuhusu kazi na malipo, na ruhusa ya wasimamizi wa michezo si ruhusa ya serikali. Asisaini wala kupokea chochote kabla ya kuonana na mwanasheria wa uhamiaji aliyesajiliwa, anayelipwa na nyinyi wenyewe na si na anayetoa ahadi. Majibu yote ayachukue kwa maandishi, na nakala akutumie wewe na baba yake Dar es Salaam, mkae mzisome pamoja kabla ya dirisha la uhamisho kufunguliwa baada ya msimu.